Penseli ya Mtu Mwingine

Nilinunua kinga Kadutu, kwa mzee Zihindula,
kati ya viatu vya mguu mmoja na redio zisizo na sauti.
Rangi yake samawati, pale kutu ilipokuwa haijafika.
Chini ya tandiko, mfuko wa ngozi. Ndani ya mfuko,
ramani ya Ufaransa. Si yote, kipande tu:
vilima, mashamba, mito myembamba kama mishipa
ya mkono wa bibi, na vijiji
vyenye majina marefu kuliko barabara zao.

Mtu aliandika humo kwa penseli, simjui.
Herufi zake zimelala upande kama nyasi penye upepo.
*Hapa maji ya kunywa, nyuma ya kanisa.*
*Hapa mbwa.*
*Kilomita nne za kupanda. Usitazame juu.*
Na penye mkunjo, karatasi ilipochakaa:
*Hapa nilishuka nikasukuma. Hakuna aliyeona.*

Mimi ni mwalimu wa jiografia, mwaka wa tisa sasa.
Mito ya watu naijua kwa chaki.
Huyu aliijua kwa magoti.

Bukavu haina tambarare ya kujifunzia.
Unazaliwa, unapanda. Unatumwa chumvi, unashuka,
unarudi na chumvi, unapanda.
Jumamosi, ukungu bado umelilalia ziwa,
natoka Nyawera na mnyororo unaolalamika,
napita Bagira jogoo wakibishana,
na Mudaka, mama wa kwanza akitandika turubai,
naacha lami, nashika njia ya Mbayo
inayopanda chai kwa chai, zamu kwa zamu,
matope mekundu yakilamba breki.

Kinga, ndivyo tunavyoiita baiskeli huku.
Mwanafunzi mmoja aliniuliza: kinga ya nini, Mwalimu?
Nilimwambia afungue ukurasa wa arobaini.

Gia ya mwisho. Hakuna nyingine baada ya hiyo.
Jasho linaingia jichoni, mikaratusi inageuka maji.
Usitazame juu, nasema kwa sauti,
kwa Kifaransa, kwa Kishi, kwa lugha ya mapafu.
Nikatazama juu.

Walikuwa wanashuka, wanawake watano,
gunia la makala kila mgongo, mkanda kwenye paji la uso,
wakitembea kwa hatua fupi za mtu anayejua bei ya kuteleza.
Wa mbele, Nsimire, akasimama bila kuinua kichwa.
"Unaenda wapi?"
"Juu."
"Juu kuna nani?"
"Hakuna mtu. Nikifika nitageuka, nishuke."
Walicheka. Walicheka hata mkanda wa mmoja
ukateleza hadi kwenye nyusi,
na mimi nikacheka, maana nilikuwa nimeshashuka,
pumzi imekwisha, na kila mtu ameona.

Nsimire akatua gunia. Akainua kinga yangu kwa mkono mmoja,
akaipima kama anavyopimwa kuku.
"Nyepesi," akasema. "Haina kazi?"

Sikuwa na jibu la jiografia.

Tulifunga gunia lake juu ya tandiko
kwa kamba ya mgomba na ule mkanda wake.
Nikashika usukani na breki zote mbili, yeye akashika nyuma,
na Mbayo yote tukaishuka hivyo, kwa miguu.
Hakuna aliyenieleza kwamba kushuka na mzigo
ni kupanda kwa jina jingine.
Alama ya mkanda ilikuwa bado kwenye paji lake,
bonde dogo, halipo kwenye ramani yoyote.
Alijigusa pale mara mbili, kama mtu
anayetafuta kofia aliyoisahau nyumbani.

Mudaka alinipa ndizi mbili. Nilikataa. Akaniangalia.
Nikala.

Usiku nimegeuza ile karatasi. Mgongo wake ni mweupe.
Nimechonga penseli kwa kisu cha jikoni:
*Hapa maji, nyuma ya shule. Bisha hodi kwanza.*
*Hapa mbwa hawabweki, wamechoka.*
*Kilomita sita za kupanda.*
*Hapa nilishuka nikasukuma. Waliniona watano.*
*Kule juu sijafika. Wewe uliyeandika upande wa pili,*
*kama bado una magoti,*
*Jumamosi natoka saa kumi na moja alfajiri.*
*Njoo na kamba.*